Vipimo safi, mkojo bado unawaka: ‘UTI’ isiyoonekana inapotikisa nyumba

Siku ya mahafali ya darasa la awali, mama huyo alichagua kiti cha mwisho, karibu na mlango. Hakutaka kuwasumbua watu kila atakapotoka. Kabla shughuli haijaanza alikuwa amekwenda chooni mara mbili. Alipokwenda mara ya tatu, binti yake wa miaka 6 aliitwa mbele kughani shairi alilolifanyia mazoezi nyumbani kwa wiki nzima.

Aliporudi, watu walikuwa wanamalizia kupiga makofi. Jioni mtoto akamuuliza, “Mama, ulinisikia?” Akajibu kwamba alimsikia. Usiku ule kilichomuumiza si kibofu. Ni jibu lile.

Dalili zake zilikuwa na miezi minane. Mkojo unawaka kidogo mwishoni, kuna uzito chini ya kitovu, na kibofu kinaonekana kimejaa hata kama ametoka chooni dakika kumi zilizopita. Kituo cha kwanza kilimwambia ana UTI, akapewa vidonge vya siku tano. Kituo cha pili kilimwambia ni UTI sugu, akachomwa sindano. Mara ya tatu hakupima. Alikwenda duka la dawa akaeleza shida yake, akauziwa dozi nyingine.

Mwishowe alifika hospitali kubwa. Mkojo ulioteshwa maabara, bakteria hawakuonekana. Sukari ilikuwa ya kawaida, figo nzima, picha ya ultrasaundi safi. Akaambiwa hana tatizo. Badala ya kufurahi, alitoka pale akilia. Kama hana tatizo, kinachomuunguza ni nini?

Mama huyo hatajwi jina kwa sababu anaweza kuwa yeyote: jirani, dada, mwalimu wa mtoto wako au dereva wa daladala anayeogopa safari ndefu. Katika miji na vijiji vya Tanzania, neno UTI limekuwa la kila siku kama malaria. Linalozungumzwa kwa nadra ni hali ya yule ambaye vipimo vyake vinatoka safi, dalili zinabaki, na hofu inahamia nyumbani kwake.

Si kila mkojo unaowaka ni UTI

UTI ni maambukizi ya bakteria katika njia ya mkojo. Yapo, yanatesa, na yasipotibiwa yanaweza kupanda hadi kwenye figo. Wanawake huyapata zaidi kwa sababu mrija wao wa mkojo ni mfupi na uko karibu na njia ya haja kubwa.

Lakini dalili zake hufanana na za mambo mengine mengi. Mwaka 2019 na 2020, watafiti wa mradi uitwao HATUA walichunguza mkojo wa watu zaidi ya 7,500 waliofika katika vituo vya afya vya Kenya, Tanzania na Uganda wakiwa na dalili za UTI. Mkojo ulipooteshwa, takriban mmoja tu kati ya watatu ndiye aliyethibitika kuwa na maambukizi ya bakteria. Na kwa wale waliokuwa nayo, karibu nusu ya bakteria hao walikuwa sugu kwa dawa za makundi kadhaa.

Hii haina maana kwamba wale wengine walikuwa wanajifanya wagonjwa. Baadhi ya watu hufika maabara wakiwa wameshameza dawa, na dawa hizo huweza kuficha bakteria. Wengine wana ugonjwa mwingine kabisa. Wengine wana kibofu kinachosumbuka bila kuwa na mdudu yeyote ndani yake.

Tatizo jingine ni namna ya kupima. Kipimo cha haraka cha mkojo huweza kuonyesha chembe nyeupe za damu, ambazo wengi huambiwa ni “usaha”. Chembe hizo zinaweza kutoka kwenye kibofu, lakini kwa mwanamke zinaweza pia kuwa zimetoka ukeni na kuingia kwenye kopo. Ndiyo maana inashauriwa kujisafisha kwanza, kuachia mkojo wa mwanzo uende, kisha kukinga wa katikati.

Kipimo chenye uhakika zaidi ni kuotesha mkojo. Maabara huuweka kwenye chakula cha bakteria na kusubiri siku moja hadi tatu kuona kama wataota, ni wa aina gani na dawa ipi inawaua. Kipimo hiki kinatakiwa kifanyike kabla ya kuanza dawa, si baada ya dozi ya tatu.

Dawa za kuua bakteria zinazomezwa bila sababu nazo zina gharama. Kwa mwanamke huweza kuua bakteria wazuri wa ukeni na kuacha nafasi kwa fangasi. Fangasi huwasha na kufanya mkojo uunguze unapopita. Mgonjwa anarudi dukani, anaambiwa UTI imerudi, anapewa dawa nyingine. Namna hiyo, dawa iliyokusudiwa kuondoa tatizo inakuwa sehemu ya tatizo.

Nini kingine kinaweza kuwapo

Kabla ya mtu kuambiwa kwamba ni wasiwasi, yako mambo yanayopaswa kuangaliwa.

Kisukari humfanya mtu akojoe mara nyingi na kusikia kiu kali. Ujauzito hukibana kibofu. Magonjwa ya zinaa kama kisonono na klamidia huleta maumivu wakati wa kukojoa, na mara nyingi hayaonekani kwenye kipimo cha kawaida cha mkojo. Kichocho cha kibofu bado kipo katika baadhi ya maeneo ya Kanda ya Ziwa, ukanda wa pwani na Zanzibar, hivyo mtu aliyewahi kuoga au kufua kwenye madimbwi, mito au mabwawa anapaswa kumweleza daktari. Mawe kwenye njia ya mkojo, tezi dume iliyotanuka kwa wanaume wenye umri mkubwa, na ukavu wa uke baada ya kukoma hedhi pia vimo kwenye orodha.

Yako pia mambo madogo ya kila siku. Choo kigumu hukandamiza kibofu. Chai kali, kahawa, soda na vinywaji vya kuongeza nguvu vina kafeini, ambayo kwa watu wengi huamsha kibofu. Kujiosha ndani ya uke kwa sabuni, ndimu au dawa za manukato huchubua ngozi laini ya sehemu hizo. Hata kunywa maji kidogo sana kwa kuogopa kukojoa hufanya mkojo uwe mzito na wenye kuunguza.

Tena, kuna matatizo ya kibofu ambayo vipimo vya kawaida havionyeshi. Kuna kibofu kinachosukuma ghafla hata kama hakijajaa. Kuna maumivu sugu ya kibofu, yanayoongezeka kinapojaa na kupungua mtu akikojoa. Kuna misuli ya nyonga iliyokaza kwa muda mrefu hadi ikashindwa kulegea. Kwa hiyo “vipimo safi” si sawa na “huna kitu”. Maana yake ni kwamba magonjwa yaliyotafutwa hayakuonekana. Hiyo ni habari njema, lakini si jibu lote.

Kibofu husikiliza kichwa

Kila aliyewahi kukaa kwenye chumba cha mtihani anaijua hali hii. Karatasi zinagawiwa, na mwanafunzi aliyetoka chooni muda mfupi uliopita anahisi haja tena. Kibofu chake hakijajaa. Ni hofu.

Kibofu cha mtu mzima huweza kubeba mililita 400 hadi 600, yaani karibu nusu lita. Kinapoanza kujaa hupeleka taarifa kwenye ubongo, na ubongo ndio unaoamua kama mtu aende sasa au asubiri. Kwa kawaida taarifa nyingi za mwanzo hupuuzwa bila mtu mwenyewe kujua. Ndiyo maana watu wengi hukojoa mara 6 hadi 8 kwa siku na hawafikirii kibofu muda mwingine wote.

Mtu akiwa na hofu, ubongo huacha kupuuza. Mwili unakaa kama unaosubiri hatari: moyo unakwenda mbio, misuli inakaza, ya nyonga ikiwemo. Taarifa ndogo ya kibofu sasa inasikika kama kengele. Anakwenda chooni, yanatoka matone. Kwa kuwa yametoka matone, anajiuliza kama mkojo umebaki. Anajikamua. Kujikamua kunaleta maumivu, na maumivu yanaleta hofu mpya.

Akienda chooni kila nusu saa kwa miezi, kibofu nacho kinazoea kujaa kidogo tu na kudai kutoka. Hapo dalili ni ya kweli kabisa, haikutungwa kichwani. Lakini kinachoiendesha si bakteria tena.

Simu usiku, saratani asubuhi

Mama wa mahafali alianza kuamka saa nane usiku na kushika simu. Aliandika “mkojo kuwaka vipimo safi” na kusoma hadi alfajiri. Kulipokucha alikuwa ameshajipa saratani ya kizazi, figo zilizoferi na virusi vya Ukimwi. Alipima VVU mara tatu ndani ya miezi miwili. Kila jibu zuri lilimtuliza kwa siku mbili au tatu, kisha swali likarudi: na kama wamekosea?

Hii ndiyo sura ya hofu ya ugonjwa. Mtu anauchunguza mwili wake mara nyingi, anatafuta habari, anauliza ndugu, anarudia vipimo au, kinyume chake, anaogopa hospitali kabisa. Kila anapohakikishiwa anapata nafuu fupi, na nafuu ile fupi ndiyo inayomfundisha kuuliza tena.

Si ujinga wala upungufu wa imani. Humpata msomi na asiyesoma, na mara nyingi huanza baada ya tukio: ndugu amefariki kwa saratani, mimba imeharibika, mtu amegundua mwenza wake hakuwa mwaminifu, au amepoteza kazi.

Habari njema ni kwamba hofu hii ina tiba. Mwaka 2014 jarida la kitabibu la The Lancet lilichapisha utafiti ulioongozwa na Profesa Peter Tyrer wa Uingereza. Wagonjwa 444 wenye hofu kubwa ya ugonjwa, waliokuwa wakihudhuria kliniki za kawaida za hospitali, waligawanywa makundi mawili. Waliopata vikao vichache vya tiba ya mazungumzo, vinavyomfundisha mtu kuitambua hofu na kubadili anavyoijibu, walipata nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida, na nafuu hiyo ilidumu.

Pima vizuri, kisha simama

Mgonjwa wa aina hii anahitaji kwanza uchunguzi kamili mmoja, si vipimo nusunusu kumi. Ni vyema kumtafuta daktari mmoja, kumpelekea majibu yote ya zamani na orodha ya dawa zote zilizotumika, na kumweleza kila kitu, pamoja na mambo ya ndoa na ya hofu.

Swali muhimu la kumuuliza ni hili: “Daktari, ni magonjwa gani tumeshayaondoa, na ni dalili gani mpya ikitokea nirudi haraka?” Kisha mkubaliane tarehe ya kurudi, kwa mfano baada ya wiki sita, hata kama hali ni nzuri. Miadi iliyopangwa humwondolea mtu kazi ya kuamua kila asubuhi kama leo aende hospitali au asiende.

Ikibainika kwamba hakuna maambukizi, kazi inayofuata ni ya nyumbani.

Kwa siku tatu, andika kwenye daftari muda wa kila safari ya chooni, ulichokunywa na ulichokuwa unafanya. Wengi hushangaa kuona kwamba walikwenda mara nane kabla ya mchana siku ya kazi, na mara tatu tu siku walipokuwa na wageni wakicheka.

Punguza kafeini taratibu. Kunywa maji ya kutosha, si ya kujaza ndoo. Glasi 6 hadi 8 kwa siku huwatosha wengi, zaidi kidogo kwenye joto kali. Mkojo wenye rangi ya njano iliyopauka unaonyesha uko sawa.

Chooni, kaa au chuchumaa kikamilifu na ulegeze tumbo. Kusimama nusu kwa kuogopa kiti kichafu huikaza misuli ya nyonga. Usijikamue. Mkojo ukishakatika, simama na uondoke.

Kisha kifundishe kibofu kusubiri. Kama daftari linaonyesha unakwenda kila baada ya dakika 45, panga kwenda kila baada ya saa moja. Haja ikija kabla, kaa chini, vuta pumzi taratibu, ishushe polepole, na uipe akili kazi: hesabu kutoka 100 kurudi nyuma, au endelea kuchambua mchele. Msukumo wa haja huja kama wimbi, hupanda kisha hushuka. Ukizoea, ongeza dakika 15. Lengo ni kufikia saa tatu hivi. Mafunzo haya huhitaji wiki sita au zaidi, na siku mbaya zitakuwapo. Mwenye maumivu makali au mkojo unaotoka kwa shida asianze bila ushauri wa daktari.

Kwa upande wa hofu, weka mipaka midogo inayowezekana. Usitafute magonjwa kwenye simu baada ya saa tatu usiku. Ukipata hamu ya kurudia kipimo, kiahirishe kwa siku tatu na uone kama hamu bado ipo. Mawazo yakizidi, usingizi ukikosekana au ukiona maisha hayana maana, omba kuonana na mtaalamu wa afya ya akili. Hospitali kubwa za rufaa, ikiwemo Muhimbili, zina huduma hizo, na daktari wa kawaida anaweza kuandika rufaa.

Mwenza asiwe hakimu

Ndoa nyingi huyumba hapa. Baba anachoka kutoa fedha za vipimo. Mama anaanza kukwepa tendo la ndoa kwa kuogopa maumivu. Kimya kinaingia, kisha shutuma: “Hiyo UTI umeitoa wapi?”

Ni vyema ijulikane kwamba UTI ya kawaida si ugonjwa wa zinaa. Huweza kumpata hata asiyewahi kukutana kimwili na mtu. Pale ambapo kuna shaka ya ugonjwa wa zinaa, njia ya heshima ni wote wawili kupima na kutibiwa pamoja.

Maneno mawili hayasaidii. La kwanza ni “hayo ni mawazo yako tu”, kwa sababu maumivu anayasikia kweli. La pili ni “usijali, huna kitu”, likirudiwa mara ishirini kwa siku. Linalosaidia ni kusema, “Najua unaumia. Daktari alisema turudi tarehe 14, tutakwenda wote. Sasa hivi twende tukatembee kidogo.”

Watoto nao wanaona. Mtoto anayemsikia mzazi kila siku akizungumzia kibofu na saratani hujifunza kuuogopa mwili wake. Hahitaji maelezo marefu, yatosha kuambiwa, “Mama anaumwa kidogo, anatibiwa, na si kosa lako.”

Wapo pia watoto, hasa wa miaka 4 hadi 6, wanaoanza ghafla kukojoa kila baada ya dakika chache mchana, bila maumivu, huku usiku wakilala vizuri. Mara nyingine hutokea baada ya kuanza shule, kuhama nyumba au kuzaliwa mdogo wao. Mtoto huyo apimwe mkojo na sukari kwanza. Vikiwa safi, mara nyingi hali huisha yenyewe ndani ya wiki au miezi michache. Asipigwe, asichekwe, asimezeshwe dozi za kubahatisha.

Usisubiri ukiona haya

Hata aliyeambiwa kwamba ana wasiwasi anaweza kuugua. Nenda hospitali mapema ukiona damu kwenye mkojo, hata kama ni mara moja na haiumi; homa na kutetemeka pamoja na maumivu ya ubavuni au mgongoni; mkojo kukataa kutoka; kiu kali na kupungua uzito; ganzi sehemu za siri au miguu kukosa nguvu. Mjamzito mwenye dalili za mkojo asisubiri kabisa, kwani kwake maambukizi hutibiwa hata kama hayaumi. Vivyo hivyo mtoto mchanga mwenye homa isiyoeleweka.

Mama wa mahafali hakupona kwa siku moja. Ilimchukua wiki tano kutoka dakika 40 hadi saa mbili. Chai ya asubuhi aliipunguza kutoka vikombe vitatu hadi kimoja. Baadhi ya siku mkojo bado unawaka kidogo, na tarehe ya daktari imeandikwa ukutani, karibu na ratiba ya shule.

Jumapili moja alimwomba binti yake aghani lile shairi tena, sebuleni, na akamwambia ukweli kwamba siku ile hakulisikia. Mtoto akasimama juu ya stuli. Beti la pili lilipoanza, haja ikaja. Mama akashusha pumzi taratibu, akabaki kwenye kiti hadi beti la mwisho.